Ziwa la Kushoto

Nilizaliwa Mwislamu na sikujua mpaka nilipofika miaka hamsini na mbili. Niliambiwa siku niliyokwenda kuposa, mbele ya watu, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mpaka dakika ile mimi nilikuwa Mkristo. Si Mkristo wa kusifiwa, lakini Mkristo. Nilibatizwa, nilioa kanisani, mke wangu alipofariki nilimzika kwa sala za padri. Jumapili nikipata shati safi nilikwenda, nisipopata Mungu alinielewa. Mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikisema jambo nalisema lilivyo.

Shida iliyonipeleka pale ilikuwa ndogo kuieleza: mwanamke niliyempenda alikuwa Mwislamu, na kaka yake alikuwa na mdomo.

"Sikiliza, fundi," kaka mtu alisema. Yeye ni fundi magari, mfupi, na hata siku ile ya posa kucha zake zilikuwa na grisi. "Sisi hatuna ubaya na wewe. Kazi unayo, mvi unazo, hatujasikia umempiga mtu. Lakini dada yangu haolewi nje ya dini. Ama uingie, ama utoke."

"Hajaja hapa kubadilishwa kama betri," Mama yangu akajibu. "Amekuja kuoa."

"Mama, kwa heshima zote..."

"Heshima zangu niachie mwenyewe. Huyu nimemlea kwa cherehani. Nimempeleka kanisani mgongoni, mvua inanyesha. Akitaka kubadili dini, asubiri kwanza nife. Nina miaka themanini, sitamchelewesha sana."

Nilitazama chini. Kochi nililokalia lilikuwa limeshonwa vibaya, sponji imejikunja pembeni. Nilitamani nilifumue nilishone upya, kuliko kukaa katikati ya wale wawili.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa yeye niliyekuja kumposa, nyuma ya pazia, hatua chache kutoka nilipo.

"Usibishane na kaka. Kunywa chai. Mama anamalizia kuswali alasiri, yeye ndiye mwenye kauli. Na usikunje uso, ukikunja uso unafanana na mdai."

Nikaandika: "Umenionaje?"

"Pazia lina tundu."

Ndivyo alivyo. Nilimfahamu dukani kwake, duka la dawa, miaka miwili nyuma. Nilikwenda na kidole kinachotoka damu.

"Umejibana na nini?" aliniuliza.

"Na kochi."

"Kochi linauma?"

"Hili lilikuwa na hasira."

Akacheka mpaka akaharibu bandeji ya kwanza. Alikuwa mjane, mimi mjane. Wiki ya pili nilijibana tena, ya tatu nikajibana, mpaka akaniambia, "Fundi, vidole vitakwisha. Njoo tu useme unachotaka." Miaka miwili tukawa tunaongea kwenye kaunta na kwenye simu. Hakuwahi kuniruhusu nimshike mkono. Mtandio wake hakuwahi kuuvua mbele yangu. Alisema vitu hivyo vina mwenyewe, na mwenyewe ataingia kwa mlango wa mbele. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa pale, kwenye lile kochi bovu.

Mama yake akaingia, binti yake amemshika mkono mpaka mlangoni, kisha akarudi nyuma ya pazia. Macho ya yule bibi yalikuwa yameingia ukungu, anaona vivuli tu. Tukasimama.

"Karibu mwenzangu," Mama yangu akasema. "Sisi ndio wageni wako."

Bibi akasimama pale pale.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Sauti hiyo. Wewe umewahi kukaa nyumba ya vyumba sita, nyuma ya kiwanda cha sabuni?"

Mama akakiweka kikombe chake mezani.

"Chumba cha mwisho," bibi akaendelea. "Ulikuwa unashona mpaka sisi tunalala. Cherehani yako mguu mmoja ulikuwa umefungwa kamba."

"Mke wa msoma mita!" Mama akapiga kelele. "Wewe si niliambiwa umekufa?"

"Nani kaniua?"

"Jamani! Jamani!"

Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakashikana nyuso. Kaka mtu akanitazama, mimi nikamtazama. Hata yeye mdomo wake ulikuwa hauna kitu. Nikajisemea, Mungu huyu wa siku za posa ni mkubwa, hawa wakishapatana nimeoa.

Kisha bibi akamwachia Mama mashavu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Na yule mtoto? Mtoto wa marehemu. Aliishi?"

Mama akarudi nyuma mpaka kwenye kiti. Akakaa. Akanitazama kama anavyotazama nguo ya mteja aliyoikata vibaya.

"Aliishi," akasema. "Ndiye aliyekuja kumposa mwanao."

"Mtoto gani?" nikauliza. "Mama, mtoto gani?"

"Kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi."

Akanieleza pale pale, mbele ya kaka mtu, mbele ya pazia lenye tundu. Yeye hakunizaa. Mama yangu mzazi alikuwa mpangaji mwenzao, chumba cha tatu. Alijifungua, damu ikakataa kusimama, kesho yake akafa. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, yuko njiani. Alirudi mara moja, akaniangalia, akasema atajipanga aje anichukue. Lori lake lilipinduka kabla hajajipanga.

"Walikuwa waumini wote wawili," bibi akadakia. "Marehemu mama yako nilimwosha mimi kwa mikono hii. Na wewe aliyekuadhinia sikioni ni mume wangu, kwa sababu baba yako hakuwepo. Ulizaliwa ndani ya dini, mwanangu. Hata jina ulikuwa nalo."

Akalitaja. Sitaliandika hapa, kwa sababu mpaka leo sijui ni la nani. Lilipita kichwani kama jina la mtu aliyeitwa kwenye foleni, nikageuka kumtafuta.

"Mume wangu akahamishwa kazi," bibi akasema. "Nilitaka nikubebe. Mama yako huyu akakushika, akaniambia: wewe unao wanne, mimi sina hata mmoja. Nikamwachia. Akaniahidi atakueleza ukikua."

"Mama," nikasema. "Nina miaka hamsini na mbili."

"Nilikuwa nasubiri ukue."

Nilisikia mtu anacheka nyuma ya pazia, halafu nikasikia kwamba si kicheko.

Kaka mtu ndiye aliyeamka wa kwanza. Akapiga paja lake.

"Ngoja! Ngoja kwanza. Kwa hiyo huyu ni Mwislamu?"

"Amezaliwa Mwislamu," mama yake akasema.

"Kumbe ni wetu! Fundi, simama! Simama nikukumbatie! Mimi hapa nahangaika, mtu wetu! Huyu haingii dini, huyu anarudi nyumbani!"

Akanikumbatia. Kichwa chake kilinifika kifuani. Mimi mikono yangu sikujua niiweke wapi. Pazia likafunguka, mpenzi wangu akatoka, uso umelowa, anacheka. Vigelegele vikapigwa, sijui na nani, nadhani na jirani aliyekuwa dirishani bila kualikwa.

"Umesikia?" akaniambia. "Fundi, umesikia?"

"Nimesikia. Sijaelewa."

"Utaelewa baadaye. Sasa hivi furahi."

Nikajaribu. Nilimtazama Mama yangu, analia peke yake pembeni, nikaona aibu kufurahi. Nilimtazama mpenzi wangu, nikaona aibu kutofurahi. Kaka mtu alikuwa tayari ameshampigia shehe wa mtaa, anatembea huku na huku na simu.

"Shehe, habari njema! Yule bwana tuliyekwambia, kumbe ni mtoto wa Kiislamu, alilelewa tu na jirani! Tunataka ndoa. Ijumaa! Ndiyo, Ijumaa hii hii, hawa si watoto, wasubiri nini? Ngoja usikate."

Bibi peke yake alikuwa kimya. Alikuwa anavuta tasbihi yake haraka haraka, kikombe chake cha chai hajakigusa. Niliona, lakini sikujua ninachokiona.

"Lakini mama," kaka mtu akasema huku anajimiminia chai nyingine, simu ameibana na bega. "Mtoto mchanga hana mama, mlimpa nini? Maziwa ya kopo yalikuwepo siku zile?"

"Kopo gani, na umaskini ule?" Mama yangu akajibu, akajifuta machozi, akachangamka. Alikuwa amepata nafasi ya kusema kitu kizuri. "Si mama yenu ndiye aliyemnyonyesha! Wewe ulikuwa mchanga mwenzake. Wewe ziwa la kulia, huyu wangu ziwa la kushoto. Miezi na miezi, mpaka akaota jino. Mwenzangu, sijawahi kukushukuru mbele za watu. Leo nakushukuru. Bila wewe nisingekuwa na mtoto."

Alisema kwa furaha tupu. Alisema kwa heshima. Mama hakujua. Angejulia wapi?

Vigelegele vikakatika kama umeme.

Kaka mtu akakaa. Chai ikaendelea kumiminika mpaka ikafurika kwenye sahani. Mpenzi wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Nikaona anarudi nyuma hatua moja, polepole, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

"Kuna nini?" nikauliza.

Kwenye simu shehe alikuwa anasema, "Haloo? Haloo? Mmekata?"

"Hatujakata, shehe," kaka mtu akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Shehe, kuna neno hapa. Wamenyonya ziwa moja. Yule bwana na sisi. Mama alimnyonyesha."

"Weka simu wasikie wote," shehe akasema. "Mama yupo? Mama, alinyonya mara ngapi? Maana ikiwa ni mara moja mbili kwa bahati mbaya, hilo halifungi. Ikiwa ni mara tano za kushiba, limefunga."

Wote tukamtazama bibi. Mpenzi wangu akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono pamoja na tasbihi.

"Mama, fikiria vizuri. Ni zamani sana. Labda mara mbili. Labda alikuwa anakataa. Watoto wengine wanakataa ziwa la mtu mwingine, si ndiyo? Mama?"

Yule bibi akauachia mkono mmoja, akampapasa binti yake kichwani. Angeweza kusema mbili. Mama yangu asingebisha, alikuwa ameshaona kwamba amevunja kitu ingawa hakujua ni kitu gani. Neno moja dogo la uongo, na Ijumaa ningeoa.

"Mwanangu," bibi akasema, "hakukataa hata siku moja. Alikuwa ananyonya kama mwizi."

Mpenzi wangu akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

"Basi huyo ni kaka yake," shehe akasema. "Ndugu wa kunyonya ni ndugu. Hawaoani, wala hakuna wa kulifungua hilo. Poleni sana."

Akakata.

"Ngojeni," nikasema. Nilikuwa nimesimama, sijui tangu lini. "Ngojeni mnieleze taratibu, mimi sikusoma. Kabla ya chai nilikuwa siwezi kumwoa kwa sababu mimi si Mwislamu."

"Ndiyo," kaka mtu akasema.

"Sasa imeonekana ni Mwislamu."

"Ndiyo."

"Na siwezi kumwoa."

"Kwa sababu ni dada yako."

"Na nikikataa? Nikisema mimi ni Mkristo, habari ya ziwa hainihusu?"

"Basi tunarudi kwenye ile ya kwanza, haolewi nje ya dini. Na hata hivyo, sisi inatuhusu." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza sikuona ubishi machoni mwake. "Fundi, umefungwa mbele na nyuma."

Tulirudi nyumbani, mimi na Mama. Alipokaa kitandani mwake nikamvua viatu, kama siku zote. Mikono ilifanya kazi yake, kichwa kilikuwa kwingine. Nikawa nawaza: miguu hii ni ya nani kwangu?

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nilitaka kukuambia ulipoanza shule, ukaugua surua. Ulipotaka kuoa, nikasema nitaharibu harusi. Mkeo alipofariki, nikasema una mzigo wako unakutosha. Kila nilipotaka kusema, nilikukuta una furaha au una huzuni. Hukuwahi kuwa katikati."

"Na kanisani? Ulinibatiza ukijua?"

"Ndiyo nyumba niliyokuwa naijua njia yake. Ningekupeleka wapi, msikitini? Mimi? Ningesimama wapi?"

Nikakikung'uta vumbi kiatu chake kimoja.

"Na hilo la ziwa," akasema, sauti imeanza kukatika, "ningelijua ningemeza ulimi. Mimi nilikuwa nashukuru tu. Mtu unashukuru, unaua."

"Hukuua, Mama."

"Wewe bado unaniita Mama?"

"Nikuite nani?"

Akalia. Viatu vyake nikavishika mkononi muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilivaa, nikafika getini, nikasikia wanaimba wimbo ninaoujua wote, nikaona kama nasikiliza nyumba ya watu. Ijumaa nikapita msikitini, kaka mtu akaniona akanipungia mkono niingie. Sikujua hata kiatu kipi kinaanza kuvuliwa. Nikaenda karakana. Wateja wakafurahi sana, makochi yao yalitoka mapema.

Yeye hakupokea simu. Wiki nzima. Nikaandika.

"Bomani hawaulizi habari za ziwa. Twende bomani tukafunge ndoa."

Akajibu kesho yake: "Bomani hawaulizi. Mimi najiuliza."

"Mimi nina miaka hamsini na mbili ya kuwa mtu mmoja. Siwezi kuwa mwingine kwa sababu ya maziwa niliyokunywa sina meno."

"Sikukwambia uwe mwingine."

"Sasa unataka nini?"

Akasoma tu. Nikaandika tena: "Unanionaje? Sema kweli. Unaniona kaka?"

Palikuwa na zile alama za mtu anaandika. Zikapotea. Zikarudi. Zikapotea.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, akaja karakana. Nilikuwa nimefungua milango yote miwili, watu wanapita nje. Alivaa koti jeupe la dukani na mtandio wa bluu. Akasimama mbele ya kochi la kijani.

Lile kochi nililitengeneza kwa ajili yetu. La watu wawili, mbao ngumu, sponji ya daraja la kwanza. Kitambaa alikichagua yeye mwenyewe kwa picha za simu, nilimtumia kumi na moja akazikataa zote, ya kumi na mbili akasema, "Hii haitanichosha uzeeni."

"Limekwisha," akasema.

"Limebaki vifungo."

"Naweza kukaa?"

"Ni lako."

Akakaa upande mmoja. Mimi nikabaki nimesimama na nyundo.

"Uliniuliza nakuonaje," akasema. "Jibu lake lilikuwa refu, nimekuja nalo. Tatizo langu, fundi, ni kwamba sikuoni kaka. Ningekuona kaka ningelala. Nakuona wewe, yule yule wa kidole. Halafu nikifumba macho namwona Mama amekaa na watoto wawili kifuani, mmoja ni kaka yangu na mwingine ni wewe, na mimi sijazaliwa hata. Mlinitangulia wote."

"Kwa hiyo unanipenda."

"Wewe mtu mzima, unauliza swali gani hilo?"

"Basi twende. Tuhame mji. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Nitakuwa nakupakulia chakula, najua. Nitakuwa naswali, najua. Unataka mke anayejificha kwa Mungu ndani ya nyumba yako?"

"Nataka wewe."

"Na mimi ndiye huyo anayejua."

Nikatupa nyundo juu ya meza. Mpita njia akageuka. Nikasema kitu kibaya, nilisema dini zote mbili zimenichosha, moja imenificha, nyingine imenipata ili inikamate. Hakukasirika. Alisubiri nimalize, kama anavyosubiri mgonjwa amalize kukohoa ndipo ampe dawa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mama amenipa ujumbe nikuletee. Anasema siku ile alijua tangu aliposikia kwamba yule mtoto ni wewe. Alijua kabla ya mama yako kuitaja habari ya ziwa. Anasema alikuwa ameamua atasema chai ikiisha. Alitaka anisikie nikicheka kwa kikombe kimoja."

Nikakaa. Upande wa pili wa kochi. Katikati yetu palikuwa na nafasi ya mtoto kukaa.

"Kuna jambo moja," akasema. "Nimemuuliza shehe mara mbili, nisije nikakosea. Kaka wa kunyonya ni sawa na kaka wa kuzaliwa. Anaingia ndani bila hodi ya wageni. Anasafiri na dada yake. Sijifuniki mbele yake."

"Sijaelewa."

"Utaelewa."

Akainua mikono, akatoa pini moja, akatoa ya pili, akazishika kwa midomo kama washonaji wanavyoshika sindano. Akauvua mtandio, akaukunja, akauweka mapajani.

Nywele zake zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Zilikuwa zimesukwa mistari mipana, na mbele, juu ya paji la uso, palikuwa na mvi, kishungi kizima cheupe. Miaka miwili nilikuwa nimezichora kichwani kila namna. Sikuwahi kuchora mvi.

"Ulikuwa unataka kuziona," akasema. "Sasa unaruhusiwa."

Macho yangu yakabaki kwenye kile kishungi.

"Sema kitu, basi. Au ni mbaya?"

"Una mvi."

"Na wewe una maneno ya mapenzi!" akacheka, na machozi yakamshuka huku anacheka. "Nimevua mtandio mbele ya mwanaume, ananiambia una mvi!"

"Nzuri," nikasema. "Ni nzuri. Zote."

"Ahsante, kaka."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. Alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu kipya, anakanyaga kidogo aone kinabana wapi. Kilibana. Niliona usoni kwake. Akavaa mtandio kwa sababu mlango ulikuwa wazi na nje kuna watu, akanyanyuka, akapapasa kitambaa cha kijani mara moja.

"Mpelekee Mama," akasema. "La pale nyumbani limekufa."

"Nililiona. Aliyelishona afungwe."

"Ni kaka aliyelishona mwenyewe."

"Nilijua. Limeshonwa kwa spana."

Akaondoka anacheka. Sikumsindikiza. Kaka angemsindikiza dada yake. Mimi bado nilikuwa sijui natembeaje kama kaka.

Jumamosi nikalipeleka kochi. Kaka mtu akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaliingiza sebuleni. Tulipolitua akaniangalia kuanzia miguu mpaka kichwani.

"Kumbe ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi nini?"

"Uliyenimalizia maziwa. Miaka yote hii najiuliza kwetu wote warefu, mimi nimepungukia wapi. Fundi, hizi inchi zangu ulizo nazo utazirudisha."

"Njoo uzichukue kama unazifikia."

Mama yake, ambaye sasa naambiwa ni mama yangu, alikuwa amekaa anatusikiliza. Akanyoosha mikono kwenye ukungu wake, akanipapasa uso, akatafuta masikio, akayavuta kidogo.

"Yule yule," akasema. "Yule yule mwizi."

Dada yangu alikuwa jikoni. Alinisalimia kutoka huko. Kichwa kilikuwa wazi.

Watu wananiuliza jambo hili limenigharimu nini, maana wanaona bado nala, bado nagonga misumari. Nitawaambia. Nilikwenda kuposa nina mama mmoja, nikarudi na watatu, mmoja yuko kaburini na hakuna anayekumbuka mahali. Nina pacha mfupi ambaye ananidai inchi. Nina majina mawili, nikiitwa hili nageuka, nikiitwa lile nageuka nimechelewa. Nina dini mbili, na Ijumaa na Jumapili zote mnaweza kunikuta karakana. Mama aliyenilea haongei tena mbele za watu. Akishukuru, anashukuru kwa kichwa. Kwenye simu nilifuta "Mpenzi" nikaandika "Dada", nikarudisha, nikafuta tena. Sasa imebaki namba tu, naijua kwa moyo.

Nywele zake nimeziona.

Mke sina.